Zipu ya mgongoni

Banange, ndugu zangu, leo nimeponea chupuchupu, na aliyeniokoa siwezi hata kumshukuru.

Mnajua mvua hii ya Mbale. Ukiwa juu ya baiskeli, upepo unakupiga kifuani mpaka meno yanagongana.
Kwa hiyo nageuza koti kama watu wa boda, mgongo unakaa mbele. Zipu ananifungia mke wangu kabla sijatoka.

Nilichosahau ni kofia ya koti. Ukilivaa hivyo, inaning'inia chini ya kidevu.

Nateremka kutoka Nkoma kwenda kazini, upepo ukaijaza. Ikanipanda usoni, pwa!
Sioni kitu. Mbele nasikia honi ya lori.
Mwanamke akapiga kelele kando ya barabara: "Kushoto! Kata kushoto!"
Nikakata. Nikaanguka mtaroni, lori likapita likinimwagia tope.

Kofia imeloa, imeniganda puani. Vidole vimekufa ganzi, zipu siifikii. Navuta pumzi, naingiza maji.
Ndipo mkono ukanishika mgongoni, ukashusha zipu mpaka chini, kofia ikanitoka usoni.

"Asante sana, mama!"
Nikageuka. Ni mama mkwe wangu, amejifunika leso usoni, anaondoka haraka.

Kwetu Wagisu, mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hata mkono hatujawahi kupeana.

Sasa hivi mke wangu (hayumo kwenye kundi hili, msinichome kwake) ameniandikia: "Mama amepiga simu. Anasema nisikufungie tena zipu mgongoni. Amejuaje?"

Jamani, nimjibu nini?