Mpiga Ringi wa Makambako Mkutanoni Njombe

Siku yangu ya kwanza kazini Makambako, Mwinjilisti wa kituo chetu cha kanisa alinikabidhi kipande cha chuma, akanionyesha ringi ya lori iliyoning'inia mtini. Wakati ule wa Mwingereza kengele hatukuwa nayo. Ringi ndiyo iliyoita watoto shuleni na washirika ibadani.

"Ukingoni inalia, katikati inakoroma," alinifundisha. "Ya shule, piga haraka haraka. Ya msiba, piga moja, ngoja, piga nyingine. Ukikosea, watu watatuletea kilio katikati ya somo la hesabu."

Baada ya miaka kadhaa Mwinjilisti aliugua, na mkutano mkuu wa mwaka wa kanisa ulikuwa umekaribia. Akanituma mimi, mshirika wa kawaida. "Kasikilize tu, kisha uje utueleze." Nikapanda juu ya lori la magome ya miti ya miwati, nikafika Njombe nimeganda kwa baridi.

Mkutano ule ulikuwa na Kiswahili chake. Mtu alisema neno la maana kabisa, akaambiwa hiyo si hoja. Mwingine alisema anaunga mkono. Nikautazama mkono wake, sikuona ulipovunjika. Nyumbani sisi tulisema Kibena, Kiswahili tulikiacha darasani. Mwenyekiti, mchungaji wa Kizungu, alisoma jambo refu kuhusu "kuunganisha vituo". Mikono ikapanda, ikashuka. Kisha akauliza, "Nani anapinga?"

Mimi nilisikia "nani anapiga?" Jua lilikuwa utosini, nikadhani wanamtafuta mtu wa kupiga kengele ya chakula. Nikasimama, peke yangu.

"Mimi, Mchungaji. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kupinga?"

"Kila siku, Mchungaji. Asubuhi na jioni."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi toa sababu."

Mama aliyeketi karibu nami alinivuta shati, akaninong'oneza kwa Kibena: kituo cha Makambako kinafungwa, shule na Mwinjilisti wanahamishiwa Njombe, na aliyekataa ni mimi tu.

 Nilipata neno moja tu la kusema: "Watoto wetu wakija kusoma huku, Mchungaji, watalala kwa nani?"

 Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Mwishowe Mwenyekiti akatangaza kwamba jambo limeahirishwa. Tukaomba, tukala.

Neno lile la kuahirishwa nililirudia njia nzima ya kurudi Makambako lisinitoke. Nilimsimulia Mwinjilisti akiwa kitandani, akaniuliza, "Tumefungwa au hatukufungwa?"

"Tumeahirishwa."

Akafikiri. "Maana yake wataliangalia tena. Lini?"

"Hawakusema."

"Basi kesho kapige ya shule."

Nikapiga. Nilitumika chini ya wainjilisti na walimu wakuu wengi, hadi mkono ulipochoka nikastaafu, shule ikiwa na madarasa ya tofali za kuchoma. Jambo lile halikurudi. Kila mwaka nilikwenda mkutanoni, nikakaa nyuma, nikisikiliza kwa hofu lisije likatajwa. Mpaka leo sijui kama tulishinda au walisahau. Ninyi vijana mnaotuwakilisha siku hizi, nawaomba: msiwakumbushe.