Kwenye Kitabu Ni Mwanaume

Mwaka ule mgodi uliposimama, mimi nilikuwa nanyonyesha mtoto wa kiume mnene kama gunia la bunga la mahindi, na jirani yangu alikuwa anafukuzwa Kolwezi. Alizaliwa Manika, mtaa mmoja na mimi, lakini wazazi wake walitoka jimbo la Kasai, basi akaambiwa arudi kwao. Kwao ambako hajawahi hata kupita! Akakaa stesheni wiki kadhaa akingoja treni, na binti yake wa miezi kumi. Maziwa yakamkauka. Mtoto akakonda hata akawa halii tena, anafungua mdomo tu.

Nikambeba hadi kituo cha serikali cha kupimia watoto wote na kulishia waliokonda. Karani akatazama kadi yake ya kilo.

"Huyu amehama, mama."

"Amehamia wapi, tata? Mama yake si yule pale stesheni, unamuona ku dirisha!"

"Mu kitabu amehama. Mutoto mwenye amehama hawezi kukondea hapa."

Jamani! Nilitamani kumrushia kiatu.

Jumatano iliyofuata nikarudi na binti yuleyule, safari hii na kadi ya mwanangu. Muuguzi akamvua nguo amtie kwenye kaptula ya kupimia, akashtuka.

"Mama, kadi inasema mwanaume."

Karani akafungua kitabu, kidole kikashuka mstari kwa mstari. "Mu kitabu ni mwanaume," akasema. "Andika."

Muuguzi akauma mdomo asicheke, akaandika. Tukapewa unga wa soya na kopo moja la maziwa.

Siku ya nne binti akalia, kwa sauti, stesheni nzima ikasikia. "Sikia anavyonitukana!" mama yake akasema, akacheka hadi machozi. Kopo lilikuwa linakwisha, lakini Jumatano ningepata jingine. Treni ikaja Jumanne. Nikawaomba askari waliokuwa wakipakia watu wamwachie mama yake siku moja tu, moja. Wakampandisha.

Jumatano karani akaniita: mkaguzi wa wizara amefika, kila kadi ilete mtoto wake. Nikampeleka mwanangu, ningempeleka nani? Kaptula ikakwama mapajani. Mkaguzi akasoma kilo za juma lililopita, akasoma za siku ile, akapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga. Akaandika "amepona" kwa wino mwekundu, kisha akanikabidhi makopo mawili ya maziwa kunipongeza.

Muuguzi akanisogelea. "Na yule binti mwenyewe?"

"Treni ilimchukua jana. Atakuwa amepita Lubudi."

Akayatazama yale makopo, akarudi kwenye mizani yake.

Hadi leo sijui kama yule binti alifika. Maziwa aliyanywa mwanangu, makopo yote mawili. Nilimshikia kikombe huku nalia na kumgombeza, kana kwamba yeye ndiye aliyefukuza watu.