Muuaji Aliyefunga Ndoa

Mwanaume mwenye wivu asipewe mikrofoni, nasema mimi. Chabani ndiye anayetusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika ukumbi wa video pale Mutakura. Mke wake, Assia, hukaa benchi la mbele.

Jumapili ile ilikuwa filamu ya mapenzi na vichekesho. Tulicheka vizuri mpaka Khaled, fundi cherehani, alipokaa kando ya Assia, akampa karanga, wakacheka pamoja. Chabani akaona. Sauti ikambadilika.

"Huyu kijana wa maua, musimuamini! Ni muuaji. Anafuataka wake za watu!"

Kwenye skrini kijana, maua mkononi, alikuwa anamwimbia mchumba wake tu, lakini nani kati yetu anajua Kikorea? Tukamwogopa. Kila alipotabasamu, Chabani alimwongezea maiti mwingine.

Halafu ikaja harusi. Muuaji anaoa, na watu wanacheza! Ukumbi ukachafuka. Mzee mmoja akapaza sauti: "Chabani, polisi iko wapi? Na bwana wa huyu mwanamuke, naye iko wapi?"

Chabani akapigapiga mikrofoni kama imeharibika.

Assia hakugeuka. Alitafuna karanga, akajibu: "Bwana yake iko kwa kazi. Anasimulia filamu."