Siku Tisa za "Hakuna"

Kila siku saa tatu kamili asubuhi Mudrick alikuwa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa hatua mbili kutoka kitandani: meza ya plastiki, kiti cha kuazima, kompyuta, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wenzake wa mwaka wa tatu chuoni walikwenda fildi, yaani mafunzo ya kazi, kwenye ofisi zenye watu, huko wakawa wanatumwa chai na kulalamika kwamba wanatumwa chai. Yeye alipata nafasi kwenye kampuni ndogo ya Arusha inayotengeneza programu, kampuni isiyo na ofisi, kila mtu anafanyia kazi kwake. Siku alipokubaliwa alirukaruka kwa furaha. Wiki ya tatu alikuwa anawaonea wivu wale wa chai.

Chumba kile cha kupanga cha Miyuji, Dodoma, kilikuwa kimya kupita kiasi. Wapangaji wenzake wakishaondoka, alibaki yeye na upepo unaosukuma vumbi chini ya mlango. Mwenye nyumba, Mama Jenifa, alipomkuta ndani mchana kweupe alimpa pole, akidhani anaumwa. Siku nyingine alimuuliza kama chuo kimemfukuza.

"Hapana mama, niko kazini," Mudrick alimwambia.

Mama Jenifa alichungulia chumbani, akatazama kushoto na kulia akiitafuta hiyo kazi, akasema, "Haya mwanangu," akaenda zake.

Kazini kwake kulikuwa na watu wawili, na wote hakuwahi kuwaona. Wa kwanza ni Castory, msimamizi, ambaye ndiye angesaini daftari lake la mafunzo mwisho wa wiki ya nane. Bila saini hiyo chuo hakihesabu fildi, na bila fildi hakuna kuhitimu. Wa pili ni Emiliana, mwanafunzi wa chuo kingine, aliyekuwa anafanyia kazi nyumbani kwao Chamwino. Kila asubuhi wanafunzi hao wawili waliandika kwenye grupu majibu ya maswali matatu yale yale: jana ulifanya nini, leo unafanya nini, kuna kinachokukwamisha? Castory akisoma aliweka alama ya kidole gumba. Kidole hicho ndicho kilichokuwa salamu, chai na maongezi ya siku nzima.

Mudrick alipewa mfumo wa kuandikisha chanjo za ng'ombe. Mtaalamu wa mifugo yuko porini, hakuna mtandao, anaandika kwenye simu. Mtandao ukirudi, simu inapeleka taarifa yenyewe. Tatizo ni kwamba ilikuwa inapeleka mara mbili, na ng'ombe aliyechanjwa mara moja anaonekana kachanjwa mara mbili. Mudrick alihangaika nayo Jumatatu, akahangaika nayo Jumanne, wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Na kila asubuhi, kwenye swali la tatu, aliandika: Hakuna.

Msimwone mwongo. Kijijini kwao Kolo mtu hamwagi shida zake kwenye salamu ya kwanza. Unaulizwa habari, unasema nzuri, hata kama jana umezika. Unaulizwa za nyumbani, nzuri. Anayekuuliza anavuta kigoda, anakaa, anauliza tena taratibu, na hapo ndipo unasema: nzuri, ila. Ile "ila" ina mahali pake, na mtu aliyelelewa hairukii. Basi Mudrick aliandika Hakuna, akasubiri aulizwe tena. Alisubiri siku tisa. Alikuwa anaitazama skrini, anakiona kidole gumba, na moyo unamsinyaa.

Ijumaa mama yake, Mwajabu, alimpigia simu kutoka mlimani, ambako mtandao unapatikana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kazi inaendaje?"

"Nzuri."

"Unakula?"

"Nakula."

"Na hao wenzio wa kazini, mnaishi—"

Simu ikakatika. Mudrick akampigia mara nne, hakupatikana. Alikaa na simu mkononi mpaka adhana ya Alasiri, akalia kidogo, kisha akaona aibu ingawa hakuna aliyemwona.

Jumatatu Castory alimpigia kwa mara ya kwanza.

"Mudrick, siku tisa unaniambia hakuna, na kazi haijatoka."

"Kaka, nilikuwa..."

"Ungesema tu umekwama. Mimi sikuoni uso, bwana. Ukiniandikia hakuna, naamini hakuna."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma. Kazi ya ng'ombe akaichukua, akampa Emiliana. Mudrick akaambiwa aandike maelekezo ya watumiaji. Alipouliza kuhusu daftari, Castory alisema, "Tutaona."

Jumanne Emiliana akaandika: Hakuna. Jumatano: Hakuna. Alhamisi Mudrick akaisoma ile Hakuna ya tatu, akaijua, kama mtu anavyozijua kandambili zake mlangoni kwa watu.

Tusimpambe, moyo wake haukuwa safi papo hapo. Aliwaza kwamba Emiliana naye akishindwa, Castory ataona kazi yenyewe ni ngumu, na daftari litasainiwa. Wazo hilo alikaa nalo mpaka chai ikaisha kikombeni. Kisha akapiga simu.

"Habari za asubuhi, dada Emiliana. Ni Mudrick, wa kazini."

"Nzuri, kaka. Za Miyuji?"

"Nzuri. Za kazi?"

"Nzuri tu."

"Na wale ng'ombe?"

Kwa mbali jogoo aliwika huko Chamwino.

"Nzuri," alisema Emiliana, "ila wananitesa. Tangu Jumanne sijasogea hata hatua."

Mudrick akammiminia siku zake tisa zote. Simu inapeleka taarifa, alisema, mtandao unakatika kabla haijajibiwa, inadhani haikusikika, inapeleka tena. Alishajaribu kuwatambua ng'ombe kwa namba za hereni zao za utambulisho, lakini ng'ombe mmoja huchanjwa mara nyingi, kwa hiyo hata chanjo za kweli zikawa zinakataliwa.

"Basi tuwaache ng'ombe," alisema Emiliana. "Namba tuipe chanjo yenyewe, hapo hapo kwenye simu, kabla haijatumwa. Ikija mara ya pili, mfumo uikatae."

Adhuhuri haijaadhiniwa, ng'ombe mmoja akawa ng'ombe mmoja. Emiliana akaandika kwenye grupu bila kuulizwa: Nilikwama siku tatu, Mudrick ndiye aliyenikwamua. Kidole gumba kikatokea. Baadaye kidogo yakafuata maneno: Mudrick, nitumie daftari lako kwa basi.

Mudrick alisoma mara mbili, akapumua. Simu ilikuwa bado haijakatwa. Alidhani Emiliana amesahau.

"Ahsante, kaka," alisema Emiliana. "Na wewe, habari zako?"

"Nzuri."

"Za hapo nyumbani?"

"Nzuri."

Emiliana hakuaga. Mudrick alisikia kiti kikivutwa upande wa pili, na mtu akikaa vizuri.

"Nzuri kabisa?"

Alitazama sahani yake moja, kikombe chake kimoja, na ule ukuta wa jirani.

"Nzuri," alisema, "ila naishi kama sipo, dada. Tangu Jumatatu wewe ndiye wa kwanza kuongea nami."