Mbegu ya Wimbi ya Mama Mkwe Wangu

Iko siku moja ya palizi, mwanangu, ambayo hunirudia kila mvua za kwanza zikishanyesha. Nakusimulia wewe uliyeolewa hapa majuzi, kwa sababu jana nilikuuliza kama unayajua magugu ya shamba hili, ukanijibu upesi, "Najua, mama." Moyo wangu ulishtuka. Jibu hilo niliwahi kulitoa mimi.

Nilikulia Nyanchwa, wazazi wangu wakiwa watu wa ziwani waliokuja mjini kutafuta kazi. Nilipoolewa huku Kenyenya sikuwa nimewahi kupalilia wimbi. Kichoma mguu nilikijua, nani asiyekijua, kinakushika sketi mpaka unaingia nacho kanisani. Sangari nalo nilijua ni la kuchimbwa na mizizi yote ikaanikwa juani, maana ukiacha kipande kinaota upya. Kwa hayo mawili nikajiona mkulima.

Mama mkwe alipanda wimbi la mbegu aliyopewa na mama yake mzazi. Mwaka uliotangulia mvua iliharibu mavuno, kwa hiyo alimwaga shambani mbegu yote iliyokuwa imebaki. Halafu dada yake akaugua kule Nyaramba, ikabidi aende kumuuguza. Kabla ya kuondoka alinisimamisha shambani.

"Mokamwana," aliniambia, ndivyo huku wanavyomwita mke wa mwana, "hii majani inafanana na wimbi sana. Nikuonyeshe?"

"Najua, mama."

Sikujua. Niliogopa wake za shemeji zangu wangenicheka, mimi wa mjini.

Siku tatu nilipalilia kwa mikono, nimeinama mpaka kiuno kikafa ganzi. Kulikuwa na miche ya aina mbili, yote kijani, yote myembamba. Mmoja ulitoka kirahisi, mwingine uligoma. Nikawaza kwamba unaogoma ndio uliopandwa, umeshika ardhi vizuri. Basi nikang'oa ule mlaini, nikauacha ule mkaidi. Shamba likapendeza, na mimi nikajisifu, Mungu anisamehe.

Mama mkwe aliporudi, mchana wa siku ile ya tatu, alishika shina moja, akalitazama chini kabisa, akakaa kwenye udongo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Umetoa chakula, umebakisha majani," alisema. "Hii mbegu ni ya mama yangu. Sasa nitatoa wapi ingine?"

Miche niliyoing'oa asubuhi ile tuliirudisha ardhini, ikanyauka. Michache iliyosalia pembeni ilizaa, ndege wakaimaliza. Mama akazeeka akinywa uji wa wimbi la sokoni, akisema kila mara kwamba si lile, na alifariki bila kulionja tena. Gugu nililoliacha lilimwaga mbegu zake, na hadi leo nalivuta kila msimu. Haliishi. Nimechoka, mwanangu, na sioni kama nitalimaliza kabla halijanimaliza mimi.

Kwa hiyo nisikilize. Gugu la wimbi shina lake ni bapa, na karibu na ardhi ni jeupe. Ukilivuta linagoma. Panda kwa mistari, na kinachoota nje ya mstari kitoe kingali kidogo, usingoje kitoe mbegu. Sangari usilikatekate kwa jembe, utalizidisha. Na ukiwa na shaka hata kidogo, acha kazi uniite. Niite mara kumi kwa siku ukitaka, nitakuja na magoti yangu haya mabovu. Ukiniuliza, utaona haya kidogo kisha utasahau. Mimi haya yangu nimezeeka nayo.

Mungu akubariki katika nyumba hii, akupe watoto na chakula cha kuwalisha. Akupe na mdomo wa kuuliza. Mimi alinipa, nikaufumba.