Nusu Mstari wa Kaveke

Huko Mbooni, jembe la mwethya halinyanyuki mpaka Kaveke afungue kinywa. Majirani huchimbiana matuta kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na wimbo ndio unaopigisha majembe pamoja. Kaveke hutupa mstari, wenzake huudaka, na mlima unalainika.

Mwaka huu moyo ulimbana. Madaktari wakampitishia waya mkononi, wakampanulia mshipa na kuacha ndani kijibomba cha kuushikilia. Maumivu yakaisha, Bwana asifiwe. Jembe walimkataza kwanza, wimbo hawakuukataza. Lakini siku aliyorudi, pumzi ilimkatikia katikati ya mstari.

Aliogopa kwamba kijibomba kimeziba. Aliogopa pia kumwambia Ndinda, jirani yake tangu walipoolewa, maana angemfungia nyumbani kama kuku anayeatamia. Basi akabuni ujanja: akaimba nusu mstari, akainua mkono, wengine wakamalizia. Wakaupenda, na yeye akapata nafasi ya kuhema.

Ndinda hakudanganyika. Walipoketi kula isyo, mahindi na maharagwe ya mchana, alimsogelea.

“Kaveke, ile nusu nyingine unamwekea nani?”

“Nawaachia na nyinyi baraka.”

“Baraka gani za kuhema? Hata hapa umekaa, unapumua kama mbuzi aliyekimbizwa na fisi. Twende kliniki sasa hivi. Na usiseme utaomba kwanza, nimeshakuombea.”

Daktari alimsikiliza kifua, akampima moyo, akasema kijibomba kiko wazi. Mojawapo ya dawa za kuzuia damu kuganda ndiyo iliyokuwa ikimpunguzia pumzi. Dawa hiyo huwafanya hivyo baadhi ya watu. Kwa aibu Kaveke akaungama kwamba jioni hiyo alikuwa amepanga kuziacha zote, akidhani hazimsaidii.

Daktari akaweka kalamu chini. “Mama, usijaribu. Ukiacha mwenyewe, damu inaweza kuganda ndani ya kijibomba. Kubadilisha ni kazi yetu. Na pumzi ikikusumbua tena, njoo siku hiyohiyo, usingoje kuletwa.”

Ndinda akaitikia amina, kwa sauti ya kutosha kusikika nje.

Dawa ikabadilishwa, na pole kwa pole pumzi ikarudi kama mgeni aliyekumbuka njia. Zamu ilipofika kwenye shamba la jirani yao Mzee Jonah, Kaveke alisimama juu ya tuta akaimba mstari mzima, mpaka mwisho, na mkia wake.

Hakuna jembe lililoanguka. Watu walimkodolea macho.

Ndinda akaegemea mpini. “Mwenzangu, umepona, tunamshukuru Mungu. Lakini sehemu yetu umeipeleka wapi?”

Kaveke alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaanza upya, akafika nusu, akainua mkono. Sauti zikapanda mteremko, majembe yakaanguka pamoja, na pumzi iliyombakia akaitumia kumcheka Ndinda, ambaye alikuwa ameingia wimboni mapema kuliko wenzake.