Mguu Uliobebwa kwa Jeneza

Assumani fundi cherehani alizikwa mwaka wa 1956, wiki chache kabla ya Ramadhani, na mimi nilimlilia mpaka sauti ikanikauka. Kilichozikwa kilikuwa mguu wake wa kulia, lakini hilo tulilijua wakati masufuria yapo motoni tayari.

Niseme kwanza kwamba ngolo, yule kambare mwenye miiba, aliyemchoma hakutoka kwenye karai langu. Ninauza samaki, watu wetu ni wavuvi wa maporomoko, na kila mtu akipatwa na jambo sokoni lazima nitajwe mimi, Mama Adèle. Assumani alipita sehemu ya samaki bila viatu, akakanyaga mwiba wa ngolo, akauchomoa na kurudi kwenye cherehani yake. Kule kwenye baraza ya duka la Mgiriki alikuwa akikanyaga pedali toka asubuhi hadi jioni, na hakutaka mwiba umpotezee siku. Mguu ukavimba, ukawa mweusi, na hospitalini wakaukata chini kidogo ya goti.

Sasa huyu Kasongo, kaka yake mkubwa. Ni mtu wa dini, hana masihara, na akifanya jambo hulifanya lote. Kwa Waislamu waliotoka Maniema, kama wao, kiungo kikikatwa hakitupwi, huzikwa. Vizuri. Mtu mwingine angeukunja ule mguu katika kitambaa cheupe, akaubeba kwapani kimyakimya. Kasongo alikwenda kuazima jeneza la msikiti. Akaita wanaume wa kutosha kulibeba, wakavaa kofia zao, wakapita katikati ya mtaa wetu wa Tshopo wakiwa wameinamisha vichwa. Mtaa mzima ulijua kwamba mgonjwa wao alikuwa mmoja tu. Mlitaka tufikiri nini?

Tukaenda kulia. Mimi nilibeba majani ya pondu na lituma ya ndizi, wengine wakaleta makaa na viti. Wakati huo kabati la Assumani lilikuwa limejaa vikwembe vya watu, kila mwanamke ametoa chake kishonwe mapema kwa ajili ya Idi au kwa arusi fulani. Fundi akifa, mtu hulia kwanza, kisha huulizia kitambaa chake. Hivyo ndivyo tunavyofanya, na sioni ubaya. Kabla jua halijageuka kila mmoja alikuwa amechukua chake. Changu tu kilibaki, si kwa wema wangu, ni kwa sababu nilikuwa jikoni nikisonga.

Mwayuma, mke wa Assumani, akaingia akitoka hospitalini na bakuli tupu mkononi.

"Munalilia nani?" akauliza.

Tukatazamana. Nikamwambia, "Bwana yako, mama."

"Bwana yangu ametoka kula wali sasa hivi."

Watu walitawanyika haraka kuliko walivyokuja. Aibu ilikuwapo, sikatai, lakini vile vikwembe havikurudi. Vilikwenda moja kwa moja kwa Zacharie, fundi wa baraza ya pili, ambaye hakuwa amemkosea mtu yeyote. Na Mgiriki, mwenye duka, alimwita Kasongo, akamwambia aondoe ile cherehani, inazuia njia. Nafasi ya Assumani angeitunza mpaka mkesha wa Idi. Asipokaa pale siku hiyo na kushona, atampa Zacharie.

Assumani alirudi nyumbani Ramadhani ilipoanza. Walimweka kwenye kiti uani, cherehani ikawekwa mbele yake, magongo mawili yakaegemezwa ukutani. Alivaa suruali yake ya kijivu, na ule upande wa kulia aliukunja juu akaubana kwa pini zake za kazi. Mwayuma alitaka kuukata na kuupinda vizuri.

"Acha hivyo," Assumani akasema.

Hakulia, hakugombana na mtu. Ukimpa uji anakunywa, usipompa haulizi. Kuku alipanda juu ya cherehani akajisaidia, na yeye alikuwa akimtazama tu. Mwayuma alimweleza habari ya kabati, ya Zacharie, ya baraza. Aliitikia kila neno kwa kichwa. Mimi nilikuwa naona yote kutoka upande wangu wa ua, na nawaambia kweli, afadhali angepiga kelele. Ule ukimya wake ulinichosha kuliko kilio cha matanga.

Nikaanza kumsumbua. Kila asubuhi, kabla sijakwenda sokoni, nilisimama uani.

"Papa Assumani, nguo yangu?"

"Iko."

"Iko imeshonwa?"

"Iko tu."

Asubuhi iliyofuata tena, na iliyofuata tena. Mwayuma alidhani nina kichaa. Lakini katika mtaa ule watu wote walimsalimia kwa sauti ya kanisani, pole papa, pole sana, halafu wakapita upesi. Nani mwingine alikuwa akimdai kazi?

Ramadhani ikafika katikati, na siku moja uvumilivu ukaniishia. Niliingia ndani, nikatoa kikwembe changu kabatini, kile cha kijani chenye picha za kuku, nikakiweka kwenye mapaja yake.

"Alors, papa. Kama ulikufa, sema, nipeleke kwa Zacharie. Kukulilia nilisha kulilia. Sitalia mara ya pili."

Akakitazama kitambaa.

"Mama Adèle, siko nasikia kitu," akasema polepole. "Muguu haiumi. Roho haiumi. Hata huzuni siko nayo."

"Sikukuuliza unasikia nini. Nakuuliza nguo."

Mwayuma alishika mdomo. Assumani akaomba tepu. Alinipima mabega bila kuniangalia usoni, akakata, akaweka mguu wa kushoto juu ya pedali. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akatunga uzi tena. Likarudi tena nyuma. Miaka yote alikuwa akianza na mguu wa kulia, na ule wa kushoto ulikuwa haujui kazi. Mwishowe akalisukuma gurudumu kwa mkono, mguu ukafuata nyuma yake, na mshono ukatembea kidogo, umepinda.

Msidhani alifurahi. Alifumua akashona tena, siku baada ya siku, kama mtu anayefagia uwanja usio wake. Nguo ilipokwisha nikaivaa, nikamwambia imenikaa vizuri. Akasema, "Bon," akaenda kulala.

Mkesha wa Idi Kasongo alikuja asubuhi na mkokoteni wa kubebea cherehani. Mimi nilikuwa pale na nguo yangu ya kuku. Tulikuwa tayari kuondoka, lakini Assumani hakusimama. Alichukua mkasi. Akatoa zile pini moja moja, akazipanga kwenye kidude chake cha pini, akanyoosha ule upande wa suruali hadi chini, mtupu, akaukata pale palipostahili. Akapinda ukingo kwa mkono na sindano. Sote tulingoja. Kipande kilichobaki akakikunja vizuri, akampa kaka yake.

"Hii nayo ni ya ule muguu," akasema. "Mupelekee."

Nilitaka kucheka, lakini Kasongo alikipokea kwa mikono miwili.

"Kaka, mulimuzika upande gani?"

Tangu akatwe hakuwa ameuliza hilo hata kwa Mwayuma.

"Karibu na papa yetu," Kasongo akajibu. "Nafasi yako niliacha kando yake. Lakini usiikimbilie, unasikia?"

Akageuka, akaenda zake makaburini na kile kipande kifuani, ndani ya kanzu. Mkokoteni akatuachia sisi. Mimi na Mwayuma tuliusukuma, Assumani akaja nyuma na magongo, akipumzika kila alipochoka.

Zacharie alikuwa amekwisha kusogeza kiti chake kwenye nafasi ile. Alipotuona alikiondoa mwenyewe, akatusaidia kushusha cherehani. Mgiriki alichungulia mlangoni, akarudi ndani. Assumani akakaa. Akasukuma gurudumu kwa mkono, mguu ukalipokea, akaanza kushona kitambaa kibovu ili tu sindano isikae bure. Baada ya muda akaacha. Jasho lilikuwa linamtoka, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mama Adèle. Muguu inauma."

"Ya kushoto?"

"Hapana. Ile ya kaburini. Inauma sana."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti, pale pale barazani, watu wakageuka kutazama.